Mfarishi wa Zamu

Kwa miaka ishirini na saba alikunja mashuka ya hospitali, na anayedhani hiyo ni kazi ya kupumzikia hajawahi kukunja mashuka mia nne kabla ya saa sita mchana. Shuka lilitoka kwenye mashine ya pasi likiwa bado linafuka mvuke. Unalishika pembe, unalikung'uta, unalikunja mara tatu kwa urefu, nusu kwa upana, nusu tena, unaliweka kwenye rundo, na lingine limeshafika. Wenzake walifanya kazi hiyo wawili wawili. Yeye alijitosheleza kwa mikono yake mirefu na kidevu, na kidevu hicho kilifanya kazi ya mtu mzima mwenye mshahara wake. Kabati alilolipanga yeye ulilijua tangu mlangoni: migongo ya mashuka yote imetazama nje, hakuna lililochungulia wala lililorudi nyuma. Wakambandika jina la Mkunjo. Lilimganda mpaka mumewe, aliyemuoa akiwa na jina zuri tu la wazazi wake, naye akalihamia.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache karakanani na mengi nyumbani. Watoto wao watatu walishaondoka kwenda kwenye maisha yao, na chumba chao hakikukaa kitupu hata wiki. Mkunjo alikichukua akakifanya chumba cha mifarishi.

Mfarishi ni shuka nene la kujifunika, la tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kimoja kizima, na vyote vimeshikanishwa kwa mshono wa mkono unaokwenda na kurudi mpaka macho yaume. Mkunjo alikuwa na kumi na sita aliyoishona mwenyewe, kwa vipande vilivyobaki kwa fundi wa mapazia. Aliitunza kwa sheria kuliko wodi. Kila mfarishi ulikuwa na foronya yake nyeupe, kwa sababu mfuko wa nailoni hutoka jasho na kitambaa kinaota ukungu. Rafu alizozitengeneza mumewe alizitandika shuka kuukuu, kwa sababu mbao tupu hutoa mafuta na kuacha madoa ya rangi ya chai. Mara moja kwa mwaka, kiangazi, aliitoa yote nje, akaianika kivulini, akaipiga pasi ya uvuguvugu, akaikunja na kuirudisha.

Ya maonyesho ilikuwa miwili tu kwa wakati mmoja, mmoja mgongoni mwa kochi na mwingine ukutani sebuleni, na kila mwanzo wa mwezi ilibadilishwa ili mwanga wa dirisha usile rangi za mmoja peke yake. Mgeni aliruhusiwa kuutazama wa kochini. Kuuegemea ni kesi nyingine. Mgeni mwenye mafuta kichwani alisogezewa stuli kabla hajamaliza salamu.

"Nyumba hii mifarishi ina vyumba," mumewe alikuwa akisema mbele za watu, "mimi na yeye tumepewa hifadhi."

"Na ukiendelea utafukuzwa hiyo hifadhi."

Lakini rafu ya juu kabisa ilikuwa na mfarishi wa kumi na saba, na huo hakuushona yeye. Aliushona mama mzazi wa yeye na dada yake mkubwa, katika miaka ambayo nguo haikutupwa mpaka imekataa yenyewe. Mlikuwa na ovaroli ya bluu ya baba yao, pazia la maua la jikoni, sare za shule za dada, na vipande vinavyoteleza vya gauni moja la mama la kutokea, rangi ya zambarau. Watoto wa nyumba ile walilala chini ya mfarishi huo, wakaugua chini yake, na siku ya mvua kubwa waliukalia wote wanne, wazazi wakiwemo, pamoja na kuku mmoja.

Mama alipofariki, mabinti wawili hawakugombea sufuria wala kitanda. Waligombea mfarishi. Dada, ambaye ni fundi cherehani katika mji mwingine, alitaka kuulalia. Mkunjo alitaka kuutunza.

"Utauua kwa miguu yako," Mkunjo alisema.

"Na wewe utauzika hai," dada alijibu.

Siku tatu za kutosemeshana zilitosha kumchosha seremala, ambaye alikuwa akibeba ujumbe kutoka chumba hadi chumba kama tarishi asiye na posho. Ndiye aliyetoa wazo. Wagawane kwa zamu, kama wauguzi. Miaka kumi huyu, miaka kumi yule. Dada akakubali mdogo wake aanze, kwa sharti moja tu: zamu ikibadilishwa, mfarishi utoke kama ulivyoingia. Walishikana mikono juu ya hilo, na seremala akawa shahidi.

Miaka kumi ilitimia Jumatatu moja, na simu ikaita kabla ya chai.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unajua leo tarehe ngapi?"

"Naijua."

"Basi unajua ninachotaka. Nafika Jumamosi na basi la asubuhi. Usinipikie makubwa, nafuata mfarishi wangu."

"Wetu."

"Wetu, lakini kwa miaka kumi ijayo ni wangu. Mume wako ni shahidi, kama kumbukumbu bado anazo."

Mkunjo hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na kitu cha kujivunia, na alikingojea kwa hamu kidogo: dada afungue foronya, aone jinsi kitu cha mama kilivyotunzwa na mtu anayejua kutunza. Akapanda kwenye kiti, akauteremsha, akaupeleka kitandani kuukagua.

Lazima ijulikane aliutunzaje. Miaka sita ya mwanzo aliutoa kila kiangazi kama mingine, akaupiga pasi, akaukunja. Tatu kwa urefu, nusu, nusu. Kufikia mwaka wa sita mkunjo wake ulikuwa umekaa vizuri mno, kingo zote zinalingana kama kitabu kipya, hata akaona ni dhambi kuuvuruga. Tangu hapo hakuufungua. Aliutoa na foronya yake, akauweka kivulini, akaugeuza upande wa pili, akaurudisha juu. Miaka minne.

Alifungua nusu ya kwanza, akasikia sauti ndogo kavu, kama ya ganda la karanga. Alifungua nusu ya pili polepole. Alipoutandaza wote, akabaki amesimama na kidevu chake hakina kazi.

Mfarishi ulikuwa na mistari mitano. Miwili imeshuka kwa urefu, mitatu imekatiza kwa upana, imenyooka yote kama imepigwa rula. Kila palipokuwa na mkunjo, nyuzi zilikuwa zimekatika. Ovaroli ya baba ilikuwa bado imejishikilia. Pazia la jikoni lilikuwa limepasuka. Vipande vya zambarau vilikuwa vibaya kuliko vyote. Vilikatika mithili ya karatasi, na katika sehemu mbili pamba ilikuwa imechungulia, ya njano, imeshikamana.

Nondo hakuwamo. Panya hakuwamo. Ukungu, hakuna. Aliugeuza upande wa chini akitafuta mwingine wa kumlaumu, hakumpata.

Mumewe aliingia kutafuta futi yake, akasimama mlangoni.

"Panya?"

"Panya gani anayekwenda kwa mstari?"

Seremala akasogea, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja bila kuugusa. "Ulikuwa unakunja palepale kila mara?"

"Sasa nikunje wapi? Katikati ni katikati."

"Waya ukiupinda palepale unakatika, mama. Hata bati. Na wewe ulikuwa unaweka pasi juu yake."

"Mashuka ya hospitali nimekunja palepale miaka ishirini na saba."

"Mashuka ya hospitali yalikuwa hayakai. Leo yamekunjwa, kesho yamelaliwa, keshokutwa yamefuliwa. Huu umekaa umekunjwa miaka kumi."

Mkunjo akainama kuihesabu mistari upya, na seremala akaondoka bila futi yake. Jioni hiyo Mkunjo alikagua mifarishi yake yote kumi na sita. Mitano ilikuwa mizima. Kumi na mmoja ilikuwa imeanza, mistari hafifu iliyopauka, ile mitano ileile.

Hiyo yake angeweza kuilia baadaye. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Utoke kama ulivyoingia, ndivyo walivyoshikana mikono. Na dada si mtu wa kudanganyika kwa nguo. Anaweza kukuambia kitambaa ni cha aina gani kwa kukisikia kikichanika chumba cha pili.

Jumanne alifikiria kusema ukweli kwa simu. Aliishika, akaisafisha kioo, akaiweka chini. Jumatano alikuwa na mpango.

"Nitengenezee fito," alimwambia mumewe. "Ndefu, laini, uipige msasa na rangi. Nataka kuutundika sebuleni, juu kabisa, nyuma ya kochi."

"Wa mama?"

"Wa mama. Dada akiuona umependeza ukutani, na nikimwambia huu si wa kubebwa kwenye mabasi tena, ataona aibu kuushusha."

"Na ile mistari?"

"Kwa mbali utaona kama mshono."

Seremala alijikuna shingo. "Unataka nikutengenezee fito au uongo?"

"Fito. Uongo nitautengeneza mwenyewe."

Akamtengenezea. Mkunjo alishona upindo mgongoni mwa mfarishi, mrefu kama wa pazia, fito ipite ndani, ili uzito ugawanyike na misumari isiuguse. Hapo alifanya sawasawa kabisa, na mfarishi mzima ungeshukuru. Alhamisi mchana ukapanda ukutani. Kwa mbali, ukiwa na nia njema na dirisha likiwa limefungwa, ulipendeza.

Ijumaa alipoamka akafungua pazia, mstari wa juu ulikuwa umefunguka kipande cha urefu wa mkono. Mfarishi ni mzito. Fito ilikuwa imeshika pindo la juu, na uzito wote wa chini ulikuwa unaning'inia kwenye nyuzi zilizokatika. Kile ambacho rafu ilikichana kidogo, ukuta ulikuwa unakichana kwa bidii. Ungepaswa kushushwa pale pale. Yeye akavuta kochi mbele, akaweka chombo cha maua ya plastiki juu ya kabati dogo, akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia, akarudi mlangoni kuangalia. Maua hayakufika.

Dada alifika Jumamosi saa nne, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na mkoba mmoja. Akapokewa, akaamkiwa, akamuuliza shemeji yake kama mgongo wake umepona, akaambiwa umehamia gotini. Akapewa maji. Aliyanywa akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa ameshaona ukuta.

Mkunjo alikuwa na hotuba. Aliitoa yote. Kwamba kitu cha mama kinastahili kuonwa na watu. Kwamba barabarani kuna vumbi na mizigo ya watu. Kwamba wajukuu wakija watauona na kuelezwa hii ovaroli ilikuwa ya nani. Kwamba yeye hakatai zamu, hapana, zamu ni zamu, ila angependekeza tu. Dada alimwacha amalize. Kisha akalivuta kochi kwa mkono mmoja, akavaa miwani, akasogea.

Aliuinua ukingo. Akaangalia nyuma. Akafuata mstari wa kwanza kwa macho mpaka chini, akafuata wa pili.

"Kitambaa ni cha zamani," Mkunjo alisema.

"Wa zamani ni sisi. Uzee gani huu unapiga rula?"

Seremala, ambaye alikuwa amebeba trei ya chai, akageuka nayo na kurudi jikoni.

Mkunjo alikuwa na maneno mengine tayari. Pamba ya siku zile ilikuwa mbovu. Joto la mwaka juzi. Aliyaona yote yamejipanga, yamenyooka, akayaacha.

"Nimeukunja," alisema. "Palepale, miaka kumi. Na pasi juu. Miaka minne ya mwisho sikuufungua kabisa, niliona umekaa vizuri. Niliutundika ili usiushushe. Jana umechanika zaidi na nikaenda kuleta maua."

Dada akavua miwani. Hakupaza sauti; angepaza, ingekuwa afadhali.

"Mama hakuwahi kuukunja huu. Unakumbuka? Aliutupa tu kitandani, asubuhi anautupa, jioni anautupa. Miaka ishirini na kitu tumeukanyaga, tumeukojolea, umefuliwa kwa sabuni kali na kusuguliwa, haukukatika uzi. Mimi miaka kumi hii nimejifunika blanketi la dukani. Baridi ikizidi najiambia, si neno, angalau uko salama, yuko nao mtu anayejua kutunza. Watu wakiniuliza nasema mdogo wangu anajua kutunza."

"Nisamehe dada."

"Sijafika huko. Niache nikasirike kwanza."

Akakasirika. Aliketi kwenye kochi, mgongo umeegemea kabisa mfarishi wa mwezi huo, kichwa na mafuta yake yote, na Mkunjo hakumsogezea stuli. Chai ililetwa, ikanywewa, ikaisha. Seremala alijaribu habari za bei ya mbao, hakuna aliyezinunua.

Mwishowe dada akaweka kikombe chini. "Shemeji, teremsha hiyo fito. Taratibu. Mmoja ashike chini, uzito usivute."

Waliuteremsha watatu, wakaubeba ukiwa umelala kama mgonjwa, mpaka kwenye kitanda cha chumba cha mifarishi. Dada alitazama rafu na foronya zake nyeupe.

"Hii yako nayo?"

"Kumi na mmoja imeanza."

"Itoe huko. Una kitanda kizima hapa hakilaliwi na mtu. Itandike yote juu yake, mmoja juu ya mwingine, uitupie shuka moja la kuzuia vumbi. Ule mzuri uwe juu, mgeni akitaka maonyesho mlete hapa. Na inayobidi kukunjwa, kila ukiitoa hamisha mkunjo. Leo hapa, mwakani pale. Weka na matambara ndani ya mkunjo usije ukakaa kama kisu."

"Sawa."

"Una shuka laini, lililozeeka vizuri?"

Kuuliza hivyo kwa Mkunjo ni kama kumuuliza seremala kama ana msumari. Alilileta. Dada alilichana vipande virefu vya upana wa vidole vinne, kwa meno na mikono, akamwonyesha: kipande kinaingia chini ya mpasuko, kinalazwa, halafu kila ukingo uliokatika unashonewa juu yake kwa mishono midogo, bila kuvuta, bila kujaribu kuzikutanisha zile kingo kwa nguvu.

"Usiufiche. Mpasuko ubaki mpasuko, ila ushikwe. Ukivuta utapasuka pembeni."

"Ni mistari mitano, dada. Hii ni kazi ya wiki."

"Basi nitakaa wiki. Nguo za watu zitasubiri, zimezoea."

"Na baadaye?"

"Baadaye nini?"

"Unauchukua?"

Dada alimtazama kama aliyeulizwa jina lake. "Zamu yangu imeanza Jumatatu. Mimi nimeshapoteza siku tano." Kisha akavua viatu, akavipanga ukutani, akapanda kitandani, akauvuta mfarishi mpaka kifuani.

"Unafanya nini?"

"Nimesafiri tangu alfajiri. Nalala."

"Utauchana zaidi."

"Ndiyo maana umeshika sindano. Anzia huko miguuni, mimi siendi kokote."

Mkunjo alisimama na kipande cha shuka mkononi. Miaka kumi hakuruhusu kikombe kiingie chumba hiki, na sasa kulikuwa na mtu mzima wa kilo themanini chini ya mfarishi wa mama, na soksi zake. Alitaka kusema kitu kuhusu soksi. Akavuta stuli, akakaa chini kabisa ya kitanda, akatafuta mwanzo wa mstari pale palipokuwa na sare za shule, akaingiza kipande chini yake, akakilaza.

Mishono ya kwanza ilitoka mikubwa. Akaifumua, akaanza upya. Kule juu dada alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi ya mtu aliyefika.

"Ungeniambia kwenye simu," dada alisema, macho yamefumbwa, "ningekuja na uzi wangu. Huo wako ni mnene."

"Niliogopa."

"Ulifanya vizuri. Ningekusema mpaka salio likatike."

Akajigeuza kulalia ubavu, na mfarishi wote ukamfuata, na uzi ukakaza mkononi mwa Mkunjo.

"Tulia basi."

"Nimetulia. Shona."

Mkunjo alingoja mguu utulie, akaulegeza uzi, akachoma sindano tena.